Mukubwa wa Masomo Anagonga Mulango

Yaya Zaina,

Jambo kwako na kwa watoto wote wa pale Mikelenge. Ujerumani iko baridi ya kukata masikio!

Siku ya kwanza ya staji yangu ya kujifunza ualimu, katika shule ya kufundisha wageni Kijerumani, mukubwa wa masomo aliniambia: «Anza darasa kama kwenu.» Basi nikawatoa wanafunzi inje, Waturuki na Wajapani, nikawapanga mustari mu theluji. Tukaimba, tukatikisa viuno, kama kwetu shuleni kila asubuhi, tunapolazimishwa kusifu Chama tawala mbele ya bendera yake. Mukubwa akatoka mbio. Nikajua staji imekufa. Kumbe yeye naye akaingia mustari!

Mimi niliyekuwa najificha ku choo kwetu nisicheze, sasa najificha vilevile huku, na kila asubuhi yeye njo anagonga mulango wa choo: «Mwalimu, tunakungoja!»

Ukila samaki wa Lokandu, unimezee kipande.

Mudogo wako Asha, mwenye kiuno kinachouma