Sekunde Arobaini

Kwako Dada,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama vizuri kwa miguu yako miwili, na lile goti limeacha visa vyake. Msalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja, asirukwe mtu. Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki utayasoma humu.

Niseme kwanza nilichopoteza. Spika yangu kubwa ya mbele, ile tuliyoisukuma mimi na wewe kwenye mkokoteni tukipumzika kila hatua ishirini, imechukuliwa Jumatano saa mbili asubuhi na kamati ya wafanyabiashara wa mtaa. Walipiga kura, kumi na mmoja kwa wawili. Hao wawili ni mimi mwenyewe na yule kinyozi, ambaye alikuwa anasinzia akanyoosha mkono alipoguswa bega.

Unajua nilivyoanza. Kreti moja ya kukalia, bisibisi mbili, na redio mbovu za watu. Leo nina rafu kumi na nne na meza yangu ya ufundi, na hakuna aliyenishika mkono isipokuwa wewe. Ndiyo maana mtu akija kunipangia kiwango cha muziki mbele ya duka langu mwenyewe, damu inanichemka. Na Miwani, yule muuza dawa wa mlango wa pili ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa kamati, alikuja mara tano ndani ya wiki mbili. Alilalamika kwamba wagonjwa hawamsikii akiwaeleza vidonge vingapi kwa siku, na kwamba mzee mmoja alilazimika kupaza sauti mara nne kusema ana minyoo, mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakampa pole. Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Nikamwambia mtaa ni wa wote na mimi nimo ndani ya hao wote, na kama sauti yangu inaingia kwake basi afunge mlango. Akaniuliza masikio yake nayo ayafunge kwa komeo gani. Nikaongeza sauti.

Sasa habari yenyewe. Jumanne saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Mama Simu aligongwa na gari mbele ya duka letu.

Najua umeshtuka. Yuko hai. Amevunjika nyonga na kichwa kiliumia, amelazwa katika hospitali ileile anakofanya kazi ya kupokea simu. Gari lililomgonga ni lile la mikate, na dereva wake anashikiliwa tangu jioni hiyo. Anadai alipiga honi mara mbili. Mtaa mzima umeulizwa, na hakuna aliyesikia honi. Kwa hiyo wanasema ni mwongo, alikuwa mwendo kasi na hakujali kwamba mbele yake kuna mtu asiyeona na fimbo yake nyeupe.

Polisi walichukua maelezo yangu pia. Niliandika mistari sita. Nilisema nilikuwa nyuma nalehemu nyaya, sikuona wala sikusikia kitu, nilitoka baada ya watu kupiga kelele. Nikatia sahihi.

Mke wa dereva amekuja dukani siku tatu mfululizo. Hagombi. Anasimama kwenye ngazi, ananiuliza taratibu kama nimekumbuka chochote, kwa kuwa duka langu ndilo linalotazamana na pale. Jana alisema mume wake si mtu wa maneno mengi, na kama amesema mbili basi ni mbili. Nilimwambia pole shemeji, sikusikia. Hilo la kutosikia ni kweli kabisa, na ndilo linaloniogopesha kuliko uongo wenyewe.

Dada, tangu spika iondoke duka limekuwa kimya, na mimi kimya sikijui. Bomba la uani linadondosha matone, nahesabu: moja, mbili, tatu, nasimama. Mteja akigusa meza kwa sarafu akisubiri chenji, mkono wangu unaruka. Ijumaa iliyopita mama mmoja alibisha kwenye fremu ya mlango, tatu tu, za adabu, nikaangusha pasi ya kulehemu ikaniunguza paja. Akaniuliza kama namdai mtu au nadaiwa.

Unakumbuka hizo tatu zilianzia wapi. Ni wewe uliyemshika Mama Simu mkono siku ile ya kwanza, miaka miwili na miezi minne iliyopita, ukamwingiza dukani na kuniambia huyu dada anavuka kwa masikio, na muziki wako unamfumba macho mara ya pili. Mkakubaliana palepale: agonge nguzo ya chuma ya mlango mara tatu, mimi nishushe sauti kutoka saba hadi mbili, nihesabu sekunde arobaini, avuke hatua zake kumi na nne, kisha nipandishe. Asubuhi akienda, jioni akirudi. Nilinung'unika, ukaniambia nisijifanye mbunge. Ukitoa likizo zake, ni kama mara elfu moja na mia moja. Nimepiga hesabu: kwa muda wote huo zimenigharimu saa kumi na mbili na dakika chache za muziki. Nusu siku. Sikuwahi kukosa hata mara moja, na hatukumwambia mtu, maana yeye mwenyewe alisema hataki kuwa tamasha la mtaa.

Jana mshonaji wa jirani, huyu anayekuletea barua, alikwenda kumtazama. Amerudi na habari kwamba Mama Simu amefumbua macho lakini bado hasemi. Ila kidole cha shahada hakitulii. Anagonga chuma cha kitanda mara tatu, anapumzika, anagonga tena mara tatu. Wauguzi wanasema ni kichwa, itapita. Mshonaji mwenyewe alicheka huku analia, akasema labda masikini anapokea simu.

Duniani kuna watu watatu tu wanaojua kidole kile kinaomba nini. Yeye, wewe na mimi.

Sikuwa nyuma nalehemu, Dada. Nilikuwa mbele, kwenye kikuza sauti, na Miwani alikuwa amesimama mlangoni mgongo kwa barabara, ameshika barua ya kamati iliyotaka sauti isizidi nne. Polisi walimuuliza habari ya honi tu, si mimi nilikuwa wapi. Alinisomea kipengele kwa kipengele kama mwalimu. Kabla hajamaliza nilikizungusha kitufe kutoka saba hadi tisa, hapo mbele ya macho yake, nikamwangalia. Ndipo zilipogongwa tatu. Usiniulize kama nilisikia. Meza yangu imeegemea ile nguzo. Muziki uwe juu namna gani, mtetemo unafika mkononi. Na mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe.

Niliwaza hivi, na nakuandikia kama nilivyowaza: nikishusha sasa, huyu atadhani nimemtii. Ataondoka hapa anajigamba. Mama Simu asubiri kidogo, Miwani akishaondoka nitashusha.

Akagonga tena tatu. Sikushusha.

Kisha wimbo ukaisha. Kati ya wimbo na wimbo mashine yangu huwa inanyamaza sekunde nne. Miwani aligeuza ukurasa. Na Mama Simu alipousikia ule ukimya alidhani ni mimi. Kwa nini asidhani? Mara elfu moja na mia moja ukimya ulikuwa ni mimi. Akainua fimbo yake kwangu kidogo, vile alivyozoea kushukuru, akashuka barabarani. Nilimwona. Nilihesabu, maana mimi siwezi kutohesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nilikuwa na muda wa kushusha. Wimbo mwingine ukaanza kwa tisa akiwa hatua ya tano.

Alisimama katikati ya barabara. Uso wake aliugeuza kwangu, gari liko upande wa pili. Na nilimwona dereva, Dada, nilimwona vizuri kupitia kioo, mdomo wazi, kiganja kinapiga usukani mara mbili. Mara mbili kamili. Hakuna sauti iliyonifikia. Hata mimi mwenye muziki sikusikia honi yake, yeye angeisikia wapi?

Ijumaa hii inayokuja saa tatu asubuhi dereva anapandishwa mahakamani. Naogopa kufungwa kwa maelezo ya uongo. Naogopa mtaa ukijua hautanunua kwangu hata betri. Naogopa zaidi siku Mama Simu atakaporudiwa na kauli, na naogopa asiporudiwa. Nimefika geti la kituo cha polisi mara mbili. Ni hatua mia tatu na kumi na mbili kutoka dukani. Kurudi zinakuwa chache, kwa kuwa narudi mbio.

Juzi ningekuandikia kukuomba usimwambie mtu maana ya zile tatu. Leo siombi hilo. Nataka jambo moja, na nalitaka bila kuzungushwa: utakuja twende wote kituoni nikafute ile mistari sita, au hutakuja? Ulikuwepo tulipoahidi, nataka uwepo nikisema nilivyoivunja. Usiniletee maneno ya kunifariji wala usinipigie simu, sitaweza kulisema hili kwa mdomo mara mbili. Mshonaji anarudi huku Alhamisi. Mpe karatasi yenye ndiyo au hapana, inifikie kabla ya saa sita mchana. Saa saba nafunga duka niende kituoni, uwe umekuja au hukuja.

Mbusu kitinda mimba wako kwa niaba yangu. Na ukija, lango la duka nitakuwa nimelirudisha nusu. Tafadhali usigonge. Niite tu jina langu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Redio