Zuhura Golini, Juu ya Barafu

Dada yangu Mwanaidi, salamu za Mungu zikufikie huko kwenye joto. Mimi hapa London navaa glavu hata ndani ya nyumba.

Ulinituma nimwachishe Zuhura huo mpira wa magongo wa kwenye barafu. Jana nilikwenda uwanjani maneno yako yakiwa mdomoni. Timu yao ni mpya, ndiyo kwanza imeingia ligi, na wanaoibeba ni wawili: binti mmoja wa Kisingasinga anayefunga mabao, na mwanao golini, kavaa kama magodoro mwili mzima. Kile kidude wanachokipiga ni kigumu kama jiwe, dada. Kikampata kifuani, akaanguka chali. Nikasoma Ayatul Kursi mpaka nikachanganya maneno. Mama wa yule mfungaji, mzaliwa wa Kisumu, akanishika mkono: "Tulia mama, huyu akitoka sisi kwisha!"

Akainuka. Mwalimu wao akamwashiria atoke apumzike. Basi dada, usinikasirikie: aliyepiga kelele "Zuhura, usitoke!" ni mimi.

Jumamosi wanacheza tena, na mimi nitakwenda. Mwombee mwanao, uniombee na mimi. Nakubusu mikono.

Mdogo wako,
Asha