Kiboksi Kilichokaa Mapajani Mwangu

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe kwanza, kisha shemeji, kisha wapwa zangu wawili, yule mkubwa na yule anayetafuna kalamu. Nataraji mgongo umepunguza kukusumbua, na kwamba ile dawa ya kuchua uliyoisifia haikuwa maneno ya muuzaji tu. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, naenda kazini, narudi. Mengine utayasoma humu, na nakuomba uyasome umekaa.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye hata salamu za mwaka mpya hutuma kwa neno moja. Nimejaribu simu mara nne. Kila nikimtaja Mama unasema umeacha sufuria jikoni, nami, niseme ukweli, nalishukuru hilo sufuria na kukata simu. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Kazini hakuna jipya. Tuko chumba kile kile cha ghorofa ya pili, pangaboi linalia kama lina deni na mtu, na bado wanatuletea kompyuta kuukuu tuzirudishie uhai. Nyingi tunaziponya kwa kuzitengenezea kerneli nyepesi. Kerneli ni kile kiini cha mfumo kinachoamka kabla ya vyote na kuvitawala vyote. Nilishakueleza siku moja ukapiga miayo hadi machozi yakakutoka. Leo nivumilie, maana bila hayo hutaelewa nilichofanya.

Kila kifaa unachokichomeka kwenye tundu la USB kina draiva yake, yaani mkalimani wake. Mkalimani asipokuwepo, kerneli inaona kwamba mgeni ameingia, inaandika kwenye daftari lake kwamba ameingia, basi. Anayosema mgeni haiyasikii. Wakalimani hao ni maelfu, na anayetengeneza kerneli ndiye anayeamua nani abaki na nani atoke. Ipo njia ndefu, ya kupitia orodha mstari kwa mstari. Ipo na njia ya mkato: unaiamuru kompyuta ijiangalie, ibakize draiva za vitu inavyovitumia saa hiyo, nyingine zote izitupe. Mkuu wetu ametukataza kutumia njia hiyo kabla ya kuchomeka kila kifaa cha mwenye mashine, na amebandika katazo hilo ukutani mbele ya meza yangu. Nimelitazama miaka sita.

Mashine ya Mama unaijua, ingawa uliiona siku moja tu. Alipopooza na sauti ikapotea, alibakiwa na kidole gumba cha kulia, nacho kilisogea kidogo mno, huoni hata ukikodoa macho. Nikamtengenezea kitufe laini kabisa, nikakiweka chini ya kidole kile, waya ukashuka kwenye kiboksi cheusi mvunguni, na kiboksi kikachomekwa kwenye laptopu yangu ya zamani. Kwenye kiboksi nikaweka taa nyekundu ndogo, iwake kila anapobonyeza. Kwenye skrini kuna safu za herufi, mwanga unazipita moja moja kutoka juu. Anabonyeza safu aitakayo, kisha mwanga unapita herufi za safu ile kutoka kushoto, anabonyeza tena. Kona ya kwanza kabisa, juu kushoto, niliweka neno NDIYO, asingoje: bonyeza, bonyeza, imekwisha. HAPANA niliiweka mwisho, chini kulia, kwa utani, kwa sababu Mama alikuwa mwepesi mno wa kusema hapana.

Alicheka kwa macho. Sentensi yake ya kwanza ilimchukua dakika kumi na moja, na ilisema, "Mwambieni huyu anyoe ndevu." Ualimu mkuu haukumtoka. Hakufupisha neno hata moja, na nukta aliweka.

Ile Jumapili nilipokwenda kumtazama, laptopu ilikuwa inachukua karibu dakika nne kuwaka. Mama hakuwa amelalamika. Mimi ndiye niliyeudhika, kwamba fundi mzima ninafufua mashine za ofisi za watu halafu ya mama yangu inajikokota. Muuguzi wake alikuwa amemtoa nje barazani aote jua. Nikaizima, nikaipuliza vumbi, nikachomoa kila kitu. Kiboksi kilikuwa kinanata, nikakifuta kwa spiriti na kukiweka mapajani kikauke. Kisha nikaiwasha mashine nikatengeneza kerneli mpya, kwa ile njia ya mkato.

Dada, kiboksi kilikuwa mapajani mwangu. Kompyuta ilijiangalia ikaona kibodi na kipanya, ikawabakiza wakalimani wao. Wa Mama haikumwona, ikamtupa pamoja na wengine. Nilipoiwasha upya ilichukua sekunde thelathini na nane, nikajipigia makofi. Nikajaribu kwa kipanya, herufi zikaandikika vizuri. Nikachomeka kiboksi, nikakirudisha mvunguni, nikambusu Mama kwenye paji la uso, nikawahi basi la saa kumi. Kitufe sikukibonyeza hata mara moja.

Jumatatu muuguzi alinipigia akasema Mama haandiki, mwanga unazunguka tu kwenye skrini. Nikamwambia atakuwa amechoka, amwache apumzike. Nilisema hivyo nikiwa na bisibisi mkononi na mashine ya mtu mezani. Sikuuliza swali hata moja.

Na Jumatano ukaja wewe.

Sikuwepo, lakini uliniambia mwenyewe, mara moja tu, siku ya mazishi, ukiwa umeshika mlango wa gari. Kwamba ulikaa miaka miwili bila kumsemesha, tangu siku ile uliyosema mbele ya ndugu wote kuwa Mama ana mtoto mmoja tu na mtoto huyo si wewe. Kwamba ulisafiri siku nzima ukapiga magoti kando ya kitanda, ukamwambia, "Mama, umenisamehe?" Kwamba ulitazama skrini, mwanga ukapita safu zote, ukarudi juu, ukapita tena, ukakaa hivyo hadi magoti yakafa ganzi. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini daktari alishatuambia kwamba yale hutoka yenyewe, tusiyachukulie kuwa jibu. Ukaondoka. Jumatatu iliyofuata Mama akafariki. Tangu siku ile unasema Mama alikunyima, na hukutaka kuchukua hata kanga yake moja, wala miwani.

Wiki moja baada ya mazishi niliwasha laptopu ile ili nihifadhi maneno yake. Nikabonyeza kitufe. Taa ya kiboksi ikawaka, mwanga kwenye skrini ukaendelea na safari yake. Nikabonyeza tena na tena. Nikafungua daftari la kerneli, nikaukuta mstari wa Jumapili ile: kifaa kimechomekwa. Baada ya hapo hakuna draiva iliyokipokea. Nilikaa sakafuni kwenye chumba kile kitupu hadi aliyekuja kuchukua kitanda akanikuta.

Kwa hiyo sikiliza, nakwambia wazi. Mama hakukunyamazia. Mashine ndiyo haikumsikia, na aliyeiziba masikio ni mimi. Siku nane alikuwa anabonyeza na kuona mwanga unampita. Yule mwanamke aliyeweka nukta mwisho wa kila sentensi alikufa akidhani tunamsikia na hatumjibu. Nimeyajua haya kwa miezi saba, nikakuacha unabeba mzigo wangu, kwa sababu niliogopa utakavyonitazama. Hiyo ndiyo aibu yangu, na ni kubwa kuliko ya draiva.

Huenda ningeendelea kunyamaza hivyo. Mwezi huu nilimpeleka mke wangu zahanati nikakutana na yule muuguzi koridoni, sasa kaajiriwa pale. Tukasalimiana, tukamkumbuka Mama, tukacheka habari za ndevu. Alipokuwa anataka kurudi ndani, aliniuliza jambo kama mtu anayeuliza njia.

"Hivi ile taa ya kwenye kiboksi ilikuwa ya nini?" akasema. "Siku ile dada yako amepiga magoti, kila mwanga wa skrini ukirudi juu ilikuwa inawaka mara mbili, inatulia, inawaka mara mbili. Nikaifunika na taulo, nikaona isije ikawasumbua."

Nilimwomba anionyeshe ilivyokuwa inawaka. Alinitazama kama nimerukwa na akili, lakini akagonga kwa ukucha kwenye benchi. Mara mbili, harakaharaka, zimeshikana. Akangoja. Tena mara mbili zimeshikana. Nilimuuliza ilichukua muda gani. Akasema tangu ulipouliza hadi uliposimama, na hata ulipokuwa mlangoni ilikuwa bado inawaka chini ya taulo.

Dada, kila herufi ina mibonyezo miwili, lakini kati ya wa kwanza na wa pili ni lazima ungoje mwanga ufike. Ili upate HAPANA unangoja hadi mwisho wa safu. Nimekaa na ubao ule wa herufi na saa nikajaribu kila kona. Mibonyezo miwili iliyoshikana, mwanga ukiwa juu, inaangukia mahali pamoja tu, pale nilipoweka mimi mwenyewe ili asingoje.

Sikuombi unisamehe, na tafadhali usifanye haraka. Ukitaka kukaa miaka miwili bila kunisemesha, nitaihesabu kuwa haki yako. Katazo la mkuu wetu bado liko ukutani, siku hizi nalisoma kwa sauti, wenzangu wanadhani natania.

Pamoja na barua hii nimekutumia kanga na miwani. Kiboksi pia kimo, na kitufe chake. Kichomeke kwenye tundu lolote la USB, hata la chaja ya simu. Hakuna kitakachoandikwa popote, ila taa itawaka. Kibonyeze mara mbili, harakaharaka, uone alichokuwa anakuonyesha.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba anawakumbuka. Mke wangu anakusalimu, naye haya yote ameyajua jana tu.

Ni mimi mdogo wako,

Bisibisi