Mitungi Myeupe ya Maranga

Jumamosi, 1 Februari 2025

Boti zimepita tena. Nimezisikia kabla ya kuziona — zile za Homa Bay zenye injini mbili, na ile ya tanga ya daktari wa Kisumu ambaye zamani hangepita hapa bila kula samaki wangu wa ngege. Zote zimenyoosha hadi ghuba ya pili. Kwa Dishon.

Nilisimama kwenye mawe ya mbele na leso mabegani kama mjinga. Mtu mmoja akanipungia mkono. Sikumpungia.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukiongea na mume wangu, Maranga. Yeye mtu wa ziwa, mimi Mkuria wa Kehancha, kila mmoja na lugha ya mamake, tukakutana hapo katikati. Alikufa mwaka juzi, malaria ya kupanda kichwani, wiki moja tu. Bado namwambia mambo. Dishon ni mdogo wake, tumbo moja. Huyo simwambii kitu kwa lugha yoyote.

Jumapili, 2 Februari 2025

Baada ya kanisa nimetembea hadi ghuba yake nione kwa macho yangu. Watu waliniambia, sikutaka kuamini.

Ni kweli. Ameweka bango la mbao pale juu, herufi kubwa za bluu: MARANGA BAY. Jina la mume wangu. Na mitungi ni ile ile, iko majini inacheza cheza.

Chini ya ghuba yangu ni jabali tupu, nanga haishiki, inateleza tu. Maranga ndiye aliyefikiria matairi ya lori. Akayajaza saruji, akayazamisha, akafunga kamba, na juu ya kila kamba mtungi mweupe wa lita ishirini. Wenye boti za starehe wakaambiana kwenye simu zao: ukiona mitungi myeupe, funga kamba ushuke, umefika kwa Maranga. Wana sehemu nyingine wanazopenda — kisiwa chenye ndege, ule mchanga wa kuogelea kule mbele — lakini chakula cha mchana kilikuwa hapa. Kwangu. Wiki ya matanga, nikiwa nimelala chini na wanawake, Dishon alikata kamba akabeba mitungi. Matairi akayaacha.

Halafu kiboko. Amewaambia wageni kwamba kwangu kuna kiboko mwenye mtoto. Kiboko gani? Kiboko ni yeye.

Yote ni kwa sababu nilimkataa. Alikuja na wazee, amevaa shati jipya, lina mikunjo ya dukani bado. Kurithi mke wa ndugu, wanaita tero. Nikawaambia sirithiwi, mimi si baiskeli. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Dishon hakucheka.

Sina mtoto wa Maranga, na hawaachi kunikumbusha. Kinachonishikilia kwenye kiwanja hiki ni biashara tu. Ikifa nitarudi kwa mamangu Kehancha na begi moja, naye Dishon ataingia kwenye nyumba hii. Anajua. Anangoja tu nichoke.

Sichoki.

Jumatano, 5 Februari 2025

Omondi, mvuvi anayeniuzia, ameleta samaki asubuhi akiwa na hasira. Mgeni wa Dishon amepita juu ya wavu wake na injini, ameukata vipande. Omondi hutega mdomoni mwa ile ghuba ya Dishon. Akatukana injini, akatukana mgeni, akatukana mamake mgeni.

Mimi nilikuwa naparua magamba. Wazo likaja hapo hapo, kisu mkononi.

Mitungi ya nyavu huku ni ya njano. Hata mtoto anajua: njano ni wavu, usiguse, nyeupe ni ya kufungia. Sasa mgeni akifunga boti yake kwenye mtungi wa wavu, asubuhi hakuna neno. Maji yametulia, boti inakaa. Lakini mchana upepo wa ziwani ukiingia, wavu unang'oka na boti inakwenda nao hadi kwenye mawe. Haitazama. Itakwaruzwa tu, injini imeze nyuzi, na mwenyewe atamgeukia Dishon amuulize: hii ndiyo Maranga? Ndicho ninachotaka. Apate aibu mbele ya watu wa miwani ya jua. Arudi kuvua omena kama zamani.

Nikamwambia Omondi: hao wageni wanapita juu ya mtungi wa njano kama takataka, lakini mweupe wanauheshimu, hawaugongi. Ipake yako rangi nyeupe, watazunguka. Akaniangalia, akasema nyar Kuria, binti wa Wakuria, wewe una akili. Nikamwambia rangi nitanunua mimi.

Ameniletea ngege wawili wa bure. Nimewala. Nimecheka peke yangu jikoni.

Ijumaa, 7 Februari 2025

Nimekwenda Magunga kununua rangi, dukani kwa Ruqia. Alikuja kutoka Garissa kuuza misumari na mabati, na sisi wawili ndio wageni wa kudumu wa hapa, kwa hivyo tunapatana. Akauliza ninapaka nini. Mitungi. Ya maji? Nikasema, ya hasira.

Akaacha kucheka. Akasema plastiki haishiki rangi hivi hivi, niikwaruze kwanza na msasa, kisha nipake mara mbili. Akanifungia na msasa. Halafu akauliza kama nina mtu wa kukaa naye wikendi. Nikamwambia ninao wengi, wako ghuba ya pili.

Alinishika mkono wakati wa kuondoka. Sikupenda alivyonishika, kama mtu wa kwenda hospitali.

Jumatatu, 10 Februari 2025

Tumepaka. Mimi na Omondi, nyuma ya nyumba yake, tangu umande haujakauka. Msasa tumeuruka, una kazi nyingi na kiganja kinauma. Ikikauka inapendeza kabisa. Mbali kidogo huwezi kutofautisha na ile ya Maranga.

Hilo lilinichoma kidogo. Mitungi yake alikuwa akiipaka kila Krismasi, huku anapiga mluzi. Lakini ni Dishon aliyeanza. Ni yeye aliyelitoa jina la marehemu kaburini akalipigilia misumari kwenye mbao. Nisiwe na huruma ya kijinga.

Alhamisi, 13 Februari 2025

Siku za kazi hakuna boti. Nafua, nachota maji, natengeneza maneno ya kumwambia Dishon siku hiyo. La kwanza lilikuwa refu mno. La pili lina matusi, nikiwa Mkristo. Nimebaki na hili: "Pole, shemeji." Basi. Nitasema nikiwa nimevaa lile gauni la maroni, nikishika kiuno.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Kuna mazishi ya mtu mkubwa Homa Bay, boti hazikutoka. Kesho basi.

Omondi amepita jioni akapaza sauti kutoka majini kwamba kesho atanifanyia kitu kizuri, kwa shukrani ya rangi. Samaki, nadhani.

Jumapili, 16 Februari 2025

Niandike kwa mpangilio, la sivyo sitaelewa mwenyewe.

Kanisani sikwenda. Nilipanda kwenye mawe ya juu mahali unapoona ghuba yote ya Dishon, na chai kwenye thamosi, na gauni la maroni. Nilikuwa na raha, sitadanganya. Lakini mitungi ya Omondi sikuiona kule. Nikadhani ni jua. Kisha nikasikia injini nyuma yangu. Upande wangu.

Omondi amehamisha nyavu. Samaki wamesogea, na yeye kwa wema wake ameona ategee mbele ya nyumba yangu, niwe wa kwanza kupata. Ndicho kitu kizuri. Na boti ya kwanza kuingia kwangu tangu Maranga afe imeona mitungi myeupe mahali pale pale pa zamani, imekunja kona, imefunga kamba. Ni Sharif, yule wa duka la vitambaa Homa Bay, na mkewe Hadiya, na mamake mzee. Sharif akasimama akapunga mikono yote miwili, akasema mama, mmerudi! Sisi tulidhani mmehamia kule kwingine.

Niliteremka mbio. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema usifunge hapo. Halafu nikafikiri: nikisema, ataenda kwa Dishon. Ataniuliza ni nani aliyeupaka wavu rangi ya kufungia. Na ilikuwa saa nne tu, upepo bado. Watakula, wataondoka, hakuna atakayejua.

Nikasema karibuni. Ndivyo nilivyosema, Maranga. Karibuni.

Wawili walikuja ufuoni na kiboti chao cha mpira. Mama mzee alibaki. Magoti yake hayataki kurukaruka, apelekewe chakula huko huko. Nilikaanga ngege nikiimba. Sharif akala kwa vidole vitano, akasema kule kwa yule bwana wanapewa samaki mkavu kama ndala. Akatoa simu pale pale, akawaandikia wenzake wa boti kwamba Maranga wa kweli yuko hapa na hakuna kiboko wala nini. Akanionyesha. Nilisoma mara mbili. Nilifurahi hadi nikasahau saa.

Upepo ukaja. Sikuuona, nilikuwa nageuza samaki wa mama mzee. Hadiya ndiye aliyeuliza, mbona boti inatembea?

Ilikuwa inatembea. Polepole, na mitungi yote nyuma yake mstari mmoja, kuelekea kwenye yale mawe ya kona ambapo Maranga hakuruhusu hata mtumbwi. Mama mzee amesimama katikati, ameshika ushungi wake usipeperuke. Sharif akarukia kiboti cha mpira, upepo ukamrudisha ufuoni, akajaribu tena, ukamrudisha. Mimi nikapiga mayowe kwa Kikuria. Sijui niliwaita nani.

Aliyekuja ni Dishon. Alizunguka kona na mashua yake kasi yote, akakata wavu kwa panga, akaingia botini, akambeba yule mama kama mtoto na kumhamisha. Boti ikagonga. Niliisikia hadi kwenye meno. Lakini mama hakuwamo. Akamleta mgongoni hadi kwangu, kwa kuwa ndiko karibu, na mama anamwambia mwanangu, mwanangu, Mungu akuweke.

Mtungi mmoja ulikuja umenasa kwenye mashua yake. Akaushika. Akaukwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka ganda zima, njano ikabaki chini. Akaniangalia.

Nilingoja aseme. Sharif akauliza, imekuwaje jamani, tumefunga vizuri. Dishon akasema, kamba za hapa zimezeeka, bwana. Tangu ndugu yangu atutoke hakuna mwanamume wa kuziangalia. Akasema kwa upole, huku amenipa mgongo. Hadiya akatikisa kichwa kwa huruma. Ya kunihurumia mimi.

Wamekwenda kwa gari la kukodi. Mama mzee amefunikwa blanketi langu, amenibusu mkono, amenishukuru. Mimi! Sharif ameacha namba yake nimjulishe boti ikivutwa. Hakunilaumu kwa neno moja. Alisema watarudi, na wenzake wote watakuja.

Walipopotea tu, Dishon akanisogelea. Akasema kesho anakuja na wazee. Mimi niwaambie nimebadilisha nia, nakubali kurithiwa. Nisipowaambia, yeye atamwambia Sharif habari ya rangi, na ya mama yake kuachwa juu ya wavu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Ile "pole, shemeji" yangu imebaki humu daftarini.

Hajaondoka. Amekaa kwenye kiti cha Maranga, pale nje, ambacho hakijakaliwa na mtu tangu afe. Amekula samaki wa mama mzee. Aliagiza maji ya kunawa, na hapa maji hayo mwenye nyumba huletewa na mkewe. Nilimpelekea. Nilishika beseni, nikamwagia, yeye akanawa taratibu, kidole kimoja kimoja, huku akitazama ziwa. Jua linazama na hana haraka. Ameshaniuliza chumba kina madirisha mangapi.

Nimeingia ndani nikakaa na daftari na simu. Nimefikiri hivi. Dishon ananishika kwa kitu kimoja tu, kwamba Sharif hajui. Sharif akijua kutoka kwangu, Dishon hana kamba ya kunifunga. Ni kweli, wageni hawatakanyaga hapa tena, na wana haki. Nitarudi Kehancha na begi langu. Lakini nitamwambia yote, na mitungi iliyoibwa wiki ya matanga, na jina la marehemu kwenye mbao, na kiboko wa uongo, ili wasikanyage kwake pia. Wacha tukose wote. Kiti hicho akikalie akiwa hana kitu.

Nimebonyeza namba. Inaita. Dishon huko nje anauliza ninampigia nani.