Fungu Lako Halijaguswa

Kakuma Mjini,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu Abdimajid,

Asalaam aleikum. U hali gani, kaka? Mgongo wako unaendeleaje, ama bado unajifanya kijana na kubeba magunia mawili kwa mpigo? Unakula vizuri? Umeoa? Miaka saba ni mingi, na maswali niliyo nayo hayaishi. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila joto ni lile lile unalolijua.

Akuol, mama wa Sudan Kusini anayeuza vitenge hapa Kakuma, ndiye aliyekuona Juba ukiuza tairi. Anasema ulikana jina lako, lakini ukacheka, na kicheko chako alikitambua papo hapo. Nimempa barua hii akukabidhi mkononi. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu sisi ni cha mdomoni tu, na hata wewe huwezi kukiandika, usijidai.

Sasa keti, kaka. Baba yetu, Aabe, alifariki. Huu ni mwaka wa pili. Aliugua kifua siku chache tu, akatuaga nyumbani Lodwar, mama yetu, Hooyo, akiwa amemshika mkono. Sikutaka ulisikie jambo hili sokoni kwa mdomo wa mtu baki.

Najua mliachana vibaya kwa sababu ya lile lori lililopinduka Lokichar, na neno alilokuambia siku ile nililisikia. Lakini hasira zake ziliisha hata kabla hujavuka mpaka. Kila lori lililotoka Lokichoggio alilisimamisha kuulizia habari zako. Ninalia ninapoandika haya. Wewe pia lia, hakuna aibu.

Aliacha lile duka la Lodwar, na akamweka ndugu yake, Adeer Abdisamad, kuwa wasii, aliuze na kutugawia. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kila tukimuuliza, Adeer ana sababu. Mto Turkwel umefurika. Mpima ardhi hajarudi. Ramadhani imekaribia. Mara jino linamuuma, na yule mzee hana meno ya kuuma tena. Ndugu yetu Bare, unamjua alivyo mwepesi wa maneno, akasema tumempa fisi kulinda bucha. Nami nikamuunga mkono.

Usimlaumu ndugu yako. Ana watoto pacha, anaendesha pikipiki ya mtu kule Kalobeyei, na jioni akishampa mwenyewe hesabu yake, kinachobaki ni cha unga tu. Fungu lake lingempa pikipiki yake mwenyewe. Hooyo alichoka kuwasuluhisha Bare na Adeer. Idi iliyopita tulikula kila mtu kwake, na sufuria ya pilau ya Hooyo ikabaki nusu.

Mwezi uliopita Bare alimpeleka Adeer kwa kadhi. Ndipo tukajua. Duka haliwezi kuuzwa bila kauli yako, maana wewe nawe ni mrithi. Njia ya mkato ilikuwepo tangu mwanzo: Adeer aape kwamba umepotea na familia inakuhesabu kuwa umekufa. Watu walimshauri hivyo zamani. Yeye akawa anatupiga chenga tu, maana aliogopa neno hilo lisije likamfikia Hooyo. Siku hiyo alisimama mbele ya kadhi akasema:

"Huyu mtoto nilimbeba mgongoni. Siwezi kumzika kwa kalamu."

Bare alitoka nje. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa kando ya ukuta, uso ameufunika kwa kofia. Sasa kila Ijumaa anampakia Adeer kwenye pikipiki kumpeleka msikitini, na habari za duka haziulizi tena.

Lakini kadhi amempa Adeer mpaka mwisho wa mwaka alete habari zako. Baada ya hapo shauri litaamuliwa bila wewe, na Adeer anasema kiapo hicho hatakula hata wakimfunga. Ni mzee, kaka. Halali vizuri. Juzi Akuol alipotuletea habari zako, Adeer alimfanya azirudie mara nyingi, hasa ile ya kicheko.

Hooyo anakusalimu. Bado anakuombea kila swala, tena kwa jina lako kamili, kana kwamba Mungu anaweza kukuchanganya na mwingine. Bare na mke wake wanakusalimu, na pacha wao wawili ambao hawakujui. Abei, anayeuza samaki wa Kalokol mbele ya duka, anakusalimu kwa Kiturkana chake, ejok, na anasema tangu uondoke hajapata mtu wa kutafuna vichwa vya samaki kama wewe.

Wa mwisho ni Adeer. Nilimuuliza tufanye nini ikiwa hutaki chochote kilichokuwa cha Aabe. Amesema kama hulitaki fungu lako, andika kwa mkono wako mwenyewe kwamba hulitaki. Siku karatasi hiyo itakapofika, atachinja mbuzi, maana maiti haandiki.

Mola akulinde ulipo na akufungulie njia ya kurudi.

Mimi dada yako nikupendaye,
Siham