Mafuta ya Ufuta Chini ya Kitanda Changu

Mshauri mpendwa, Dada Kesar, naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko, maana niliishia darasa la sita na miaka arobaini iliyofuata nilikuwa nikichambua sufu kiwandani hapa Bikaner, kalamu sikuishika sana. Kila Jumapili nilikuwa nikimsomea mke wangu Jhamku safu yako ya gazetini kwa sauti huku yeye akinikanda miguu kwa mafuta ya ufuta, na jibu lako likimpendeza husema, "Msikie huyo dada," na lisipompendeza hunibana kidole gumba kana kwamba mimi ndiye niliyeliandika. Jhamku alifariki baada ya msimu wa mvua, asubuhi, akichekecha unga, moyo tu ulisimama, na huu sasa ni mwezi wa nne tangu aondoke, na hii ndiyo baridi yangu ya kwanza bila yeye.

Unajua baridi yetu ilivyo, upepo unatoka jangwani mkavu kabisa, ngozi inakuwa kama karatasi. Mikono yangu haijawahi kupasuka kwa sababu ya mafuta ya sufu ya kondoo niliyoshika maisha yote, ila miguu ilikuwa mibaya tangu ujana, na Jhamku alikuwa akicheka, "Mikono ya bi harusi, miguu ya ngamia." Kwa hiyo kila mwaka, kuanzia sikukuu ya Diwali mpaka sikukuu ya Holi, yaani baridi nzima, jua likishavuka ukuta wa ua alinikalisha kwenye kigoda, akaweka bakuli la mafuta ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, akisema mafuta yakiungua hayaponyi kitu, akaanza na mguu wa kushoto, kisha wa kulia, huku akinieleza nani kagombana na nani na nani kaposwa, hata naweza kusema habari zote za mtaa ziliniingilia nyayoni. Mara ya mwisho ilikuwa siku moja kabla ya Holi. Alimaliza wa kushoto, jirani akamwita mlangoni, akafuta mikono yake kwenye goti langu akasema, "Wa kulia utasubiri. Baridi imekwisha, nitaumalizia baridi ijayo."

Nyumbani sasa tuko mimi, mkaza mwanangu Manju, na mbuzi wetu Dhauli, kwa sababu mwanangu Jagdish yuko Surat kwenye duka la vitambaa na huja mara tatu kwa mwaka. Manju, kwa desturi yetu, hujifunika uso mbele yangu na hanisemeshi moja kwa moja, na Jhamku alipokuwepo haikuwa shida, Manju alimwambia mama mkwe wake na mama mkwe akaniambia mimi. Baada ya matanga tulikaa siku tatu kimya kama watu wasiojuana. Siku ya nne nikamsikia uani akisema, "Dhauli, mwambie Baba mkate umeiva," na mimi nikajibu, "Dhauli, mwambie mkaza mwana nakuja." Tangu hapo mbuzi amekuwa mtu mkubwa sana nyumbani kwetu, dada.

Baridi ilipoingia, asubuhi moja nikasikia, "Dhauli, mwambie Baba mafuta yako juani." Nikatoka, nikakuta kigoda pale pale kinapokaa siku zote, na bakuli limewekwa ndani ya maji ya moto. Yeye hawezi kunishika miguu, mimi ni baba mkwe wake, basi alikuwa ameniwekea ili nijipake mwenyewe. Nikatumbukiza kidole. Yalikuwa na joto lile lile. Nikashindwa. Nikabeba bakuli chumbani, nikamimina mafuta kwenye taa iliyo mbele ya picha ya Jhamku, na yaliyobaki nikayatia kwenye chupa, nikajiambia kesho nitajipaka. Kesho yake nikafanya vile vile, na keshokutwa, na sasa ni zaidi ya siku arobaini, chini ya kitanda changu kuna chupa tatu, ukuta nyuma ya picha umekuwa mweusi, na magaga ya miguu yangu yamefunguka mpaka sarafu inaweza kusimama ndani yake. Miundi inapukutika kama chokaa ya zamani, magoti yanalia nikiinuka, usingizi haushiki. Na kila asubuhi Manju husema, "Dhauli, muulize Baba, amejipaka?" nami hujibu, "Mwambie nimejipaka." Kumdanganya mbuzi kila siku si jambo jepesi kama unavyoweza kufikiri.

Halafu akaona damu kwenye soksi zangu alipokuwa akifua. Kesho yake alikwenda kwa miguu mpaka kwa mkamuaji wa mafuta, yule ambaye bado anazungusha kinu kwa ng'ombe, akaleta mafuta mapya. Baadaye akayachemshia kitunguu saumu. Baadaye uwatu. Mimi nikajaza chupa. Siku moja nikamsikia anamsemesha Dhauli kwa sauti ndogo, na maneno hayakuwa ya kunifikia mimi, akisema, "Mama alikuwa na mkono. Mimi sina mkono."

Jumapili iliyopita alikuja binti yangu Rukma, ambaye ameolewa Nagaur. Aliniinamia kunigusa miguu kama mtoto anavyomwamkia mzazi, akaruka nyuma.

"Wifi! Hii ni miguu au ni kuni?"

Manju alivuta mtandio.

"Mama alipokuwepo miguu ya Baba ilikuwa kama siagi. Wewe unampaka nini, majivu?"

"Mafuta ya ufuta, wifi. Kila siku."

"Kila siku! Basi labda unampaka kwa macho."

Akampigia kaka yake simu, akaweka sauti ya juu ua mzima tusikie, na Jagdish akasema kutoka Surat, "Manju, mimi nilikuachia kazi moja tu." Na mimi nilikuwa nimekaa pale, kwenye kigoda kile kile, ulimi umejaa sufu. Manju alikwenda kumpa Dhauli maji. Kabla ya kuondoka Rukma alisema kwamba sikukuu ya Sankranti, katikati ya Januari, atarudi na vitamu vyake vya ufuta na atakaa msimu wote anikande mwenyewe, na Manju aende kwao kidogo "akapumzike." Dada, sote tunajua mwanamke anayepelekwa kwao katikati ya baridi watu wanamsema nini.

Kesho yake nilikuta bakuli juani kama kawaida. Lakini Manju hata mbuzi hakumsemesha, na mpaka leo ninapoandika hajamsemesha.

Sankranti haiko mbali. Nauliza mambo mawili. Mtu anamwambiaje ukweli mtu ambaye hasemi naye uso kwa uso? Na mguu ambao umeambiwa usubiri, mtu anaupakaje mafuta? Majina yetu unaweza kuyabadilisha, la mbuzi liache, yeye haoni aibu.

Ni mimi, mzee wa sufu, Bikaner.

*

Mzee wa sufu, pole kaka yangu. Majina nimeyabadilisha yote isipokuwa la Dhauli. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ilibidi niweke kikombe chini. Mimi pia nina chapati moja ya marehemu mume wangu. Kila nikipika najikuta nimepika moja ya ziada, yake, kisha nasimama nayo mkononi. Kwa hiyo sitakuambia kwamba ulikosea kuipenda ile taa.

Ila sasa nakusema, na ukae wima. Taa haina magaga, kaka. Umemmiminia mafuta mtu ambaye baridi haimgusi tena, ukamwacha mwenye ngozi apasuke, halafu aliyeyapasha moto ndiye akatukanwa mbele yako nawe umekaa kimya. Huzuni yako ni yako, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini matusi yale yalikuwa ya kwako pia, na ulimwachia msichana ayabebe.

Tena anasema hana mkono! Nani alimfundisha kuweka bakuli ndani ya maji ya moto badala ya kuliweka jikoni juu ya moto? Hukuandika kwamba alifundishwa. Alikuwa akitazama, miaka yote, nyuma ya mtandio, mkeo alivyokuwa akifanya. Unatafuta alichoacha Jhamku ukutani kwenye picha, na kumbe kipo uani, kinakuletea bakuli kila asubuhi.

Kwa hiyo, ukishasoma gazeti hili, kabla hujagusa tone la mafuta, toa zile chupa tatu chini ya kitanda, zipange uani mahali Manju atakapoziona, kisha mwite Dhauli. Usicheke, nasema kweli. Mwambie, "Dhauli, mwambie mkaza mwana mafuta yake hayakuwahi kufika miguuni kwangu. Nilidanganya. Mkono anao." Sema kwa sauti, usimung'unye. Halafu piga simu Surat na uweke sauti ya juu, kama binti yako alivyofanya, useme maneno hayo hayo kwa mwanao, Manju akisikia. Na Rukma usimngojee Sankranti, mpigie leo leo. Yeye naye anamlilia mama yake, ndiyo maana ana ulimi mkali. Mkaribishe aje na vitamu vyake, ale, alale siku mbili, arudi kwa mumewe. Manju haendi kokote. Hilo ni neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni wewe.

Sasa miguu. Penye ufa unaotoa damu usipake mafuta wala dawa ya mtu yeyote, hata yangu. Nenda kituo cha afya wakusafishe, na waambie wakupime sukari, maana kwa umri wetu kidonda cha mguu hakifanyiwi mzaha. Ufa ukishafunga ndipo tunaanza. Ayurveda, ile tiba ya asili ya mama zetu, inasema baridi kavu huamsha upepo ndani ya mwili, na upepo huo ndio unaokausha ngozi, unaoliza magoti na kufukuza usingizi; na dawa yake ni kinyume chake, yaani joto, mafuta na utulivu. Wewe umejinyima yote matatu. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, uikaushe taratibu, ukande kuanzia kisigino kwenda juu mpaka magotini bila haraka, kisha vaa soksi za pamba, maana sakafu ya mawe na mguu wenye mafuta ni maadui. Usioge kabla jua halijatoka, hutapewa zawadi kwa ushujaa huo. Kunywa maji ya moto yenye tangawizi, si chai kikombe cha sita. Mkate wako wa uwele upakwe samli, nusu kijiko hakimuui mtu wa Bikaner. Vitamu vya Rukma, kimoja kwa siku, nakufahamu.

Na taa? Iwashe. Mafuta ya zile chupa tatu yamekaa mno, hayafai mwilini, lakini yanawaka vizuri. Utambi mmoja mdogo kila asubuhi, na yatakufikisha Holi. Mkeo hatanyimwa mwanga hata siku moja, na mapya yatakuwa ya miguu. Ukuta upake chokaa.

Kuna kitu hukukiuliza ila nimekisikia. Unasema habari za mtaa zilikuwa zikikuingilia nyayoni, na sasa nadhani hujui hata jirani amemwoza nani. Basi unapojikanda, mwambie Dhauli amuulize mkaza mwana kuna jipya gani mtaani. Yeye akae upande wake wa mlango na ungo wake, amsimulie mbuzi, nawe usikilize. Atasimulia vizuri, naamini. Wanaojifunika uso huona mengi.

Halafu lile la mguu. Jhamku hakukuambia umngojee yeye. Alisema wa kulia utasubiri baridi ijayo. Baridi imekuja, kaka. Siku ufa utakapofunga, jua likivuka ukuta, kaa kwenye kigoda, na safari hii usianze na wa kushoto.