Mashine Isiyojua Kuogelea

Mtani wangu Shamte,

Hodi huko chini. Usihangaike kunifungulia, siingii. Nimesimama mlangoni tu na maneno niliyopaswa kukutupia siku ya mazishi yako, nikashindwa, kwa sababu ulifanya haraka kufa kama ulivyokuwa ukifanya haraka kula. Mimi nilikuwa nimelazwa Kibiti kwa malaria, natetemeka mpaka kitanda kinahama, na wewe ukatolewa majini asubuhi, ukafikishwa kwenu Mtawanya mchana, na alasiri ukawa umeshafukiwa. Ulizikwa kimya kama mtu asiye na watani. Hakuna Mnyamwezi hata mmoja aliyejilaza kaburini kabla yako akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Hakuna aliyeiga mwendo wako wa bata. Basi leo nimekaa na kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne, nikutukane kwa mwandiko. Haki ya mtani haijaoza. Wewe ndiye unayeoza.

Nianze na habari za nyumbani, najua unazitaka. Hawakukumbuki sana. Baiskeli yako anaipanda shemeji yako wa Dimani, na anaipiga kengele hata kwa kuku. Dungu lako la kuwingia ndege limeanguka. Lilikuwa limeinama tangu siku ulipolijenga, nilikuambia, ukasema limeinama kwa heshima. Nguruwe wamekula mpunga wa upande wa mto, ule upande uliosema nguruwe hawafiki. Mama yako bado anakupakulia ubwabwa jioni, anaufunika, halafu asubuhi anawamwagia bata. Bata wamenenepa. Ndiyo faida pekee ya kifo chako ninayoweza kuionyesha kwa kidole.

Sasa tuje kwenye mashine.

Unakumbuka tulivyoanza kuitamani. Tulikuwa kambini deltani tunakata boriti za mikoko, matope mapajani, viganja vimechanika, na kila mwezi tunasema huu ndio wa mwisho. Kisha mambo yakawa ruksa, wanunuzi wakaanza kushuka kutoka Dar wakiulizia shaba kuukuu na rupia za Mjerumani. Meli yake ya vita, iliyofia humu wakati wa babu zetu, iliacha vyuma matopeni. Kule Mkongo, mto ukipungua, mchanga unatema sarafu. Na kwenu Mtawanya palikuwa na nyumba ya Mjerumani wa pamba, sasa ni vichuguu na udongo mwekundu. Ukanichorea hewani kwa kidole: mashine moja ya kusikia madini, sehemu tatu za kuwinda, na mimi narudi Tabora nimevaa viatu.

Nikakuambia mashine ya watu kama sisi isiwe ya bei ya chini, hiyo ni ya kuchezea watoto. Isiwe ya bei ya juu, hiyo tutaiogopa. Iwe ya kati, na iwe haiingii maji mwili mzima, kwa sababu matope ni maji na mto ni maji. Ukasema mimi ni mpagazi, mababu zangu walishuka pwani na mizigo ya watu kichwani, najua uzito wa kitu tu, uzuri wake sijui.

Dukani Kariakoo ukachagua kwa macho. Uliona ile yenye mshale unaocheza na taa nyekundu na kijani, ukatabasamu kama umeonyeshwa mchumba. Muuzaji akaipigapiga sahani ya chini, ile inayopitishwa juu ya ardhi, akasema hii haiingii maji. Nikauliza, na kile kiboksi cha juu penye betri? Akasema kiboksi unakishika mkononi, au mwenzako anataka kwenda nacho kuzimu? Mkacheka wote wawili, mkapigana viganja.

Cheka sasa.

Ilivyotutesa unajua. Kwenye udongo mwekundu wa kwenu ililia kwa kila kokoto. Kwenye matope ya chumvi ililia bila kunyamaza, kama mtoto mwenye upele. Mkongo peke yake ndiko ilikoimba kwa adabu, ikatupa vizibo vya soda na rupia chache zilizochakaa. Mtu mwenye akili angeirudisha. Wewe ukaanza kuilea. Ukaishonea koti la nailoni. Mvua ikinyesha uliiingiza ndani kabla ya unga, na unga ulikuwa wangu. Tukivuka kijito uliinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, unatembea umetoa kifua, na watu wa delta, ambao wanajua kuogelea kabla ya kutembea, wakakupa jina la Yaya. Ulilipenda jina hilo. Ulikuwa hujui kutukanwa.

Ya siku yenyewe ameniambia Kibwana, mwenye mtumbwi. Ameniambia mara nyingi, na kila mara anaanza kwa kuapa. Maji yalikuwa yanajaa. Mtumbwi ukapanda mzizi, ukapinduka. Yeye akadaka tawi la mkoko, akakunyoshea kasia. Maji yalikuwa kifuani mwako, matope yamekushika miguu, na mikono yako yote miwili iko juu, mashine iko hewani. Akakuambia, "Achia hiyo, shika kasia." Ukamjibu, "Hii haijui kuogelea."

Ulifanya mzaha, Shamte. Wewe mwenyewe mtu wa vilimani, kuogelea hujui, na hapo ukaona ni mahali pa mzaha.

Maji yakafika kidevuni. Kibwana anasema aliipokea mashine kwa sababu ndiyo uliyomnyoshea. Hukumnyoshea mkono. Ulimnyoshea mashine. Akaipachika kwenye panda ya tawi, akageuka kukushika wewe, na wewe hukuwepo. Mashine haikupata hata tone. Koti lake la nailoni lilikuwa kavu mpaka kwenye mishono.

Nilipopata nguvu ya kusimama nilikuja arobaini yako. Pilau ilikuwa nzuri, nyama nyingi, ungekuwepo tusingepata. Watu walikaa kwa huzuni ya heshima, wanatafuna taratibu, na mimi nikaona hapana, huyu hajaagwa. Nikaingia ndani ya nyumba, nikavaa kofia yako, nikatoka nimeibeba mashine, Kibwana alikuwa ameirudisha kwenu, juu ya kichwa kwa mikono miwili. Nikatembea kati ya majamvi kwa mwendo wako wa bata, nikapita kwenye maji ya kuoshea vyombo nikiinua magoti kama navuka bahari. Mjomba wako akaninyoshea sahani, nikakataa kushusha mikono, ikabidi anilishe kama kinda. Wazee walianza kukohoa, halafu wakaacha kujificha, wakacheka. Nikasimama katikati yao nikasema, hii haijui kuogelea.

Wazee wakashusha matonge. Zuhura mkeo alikuwa ndani, eda haijaisha, pazia limeshushwa. Kicheko kikatoka nyuma ya lile pazia. Kilikuwa kirefu, kikapanda, na mwisho wake hakikuwa kicheko tena. Hayo mengine siandiki.

Nikatangaza kwamba mashine nimeiteka kwa haki ya utani, na mwenye kuitaka aikomboe. Ulijua desturi, familia inatoa kuku au jogoo, mtani anarudisha kitu, tunaishia hapo. Dada yako akaingia kwa Zuhura, akatoka na jibu, akalisema mbele ya watu wote: "Wifi anasema hakomboi. Na ukienda nayo majini, usiletwe hapa."

Ndivyo nilivyorithishwa kitu kilichokuua. Jogoo nilimkosa.

Ningeweza kuitupa mtoni. Shemeji yako wa Dimani alinishauri niichome moto, yeye ambaye hakuona haja ya kuchoma baiskeli. Nikaona hapana. Ulikufa kwa kuchagua vibaya, basi mmoja wetu achague vizuri. Nikakusanya udongo katika mifuko mitatu. Wa kwanza matope ya delta, yananuka kama miguu yako. Wa pili mchanga wa Mkongo. Wa tatu udongo mwekundu wa Mtawanya, na huu imamu asijue, niliuchota juu ya kaburi lako. Udongo huo ulikuwa umechimbuliwa karibuni, laini, na wewe ulikuwa huna kazi nao.

Muuzaji alikuwa yuleyule. Mimi hakunikumbuka, wewe alikukumbuka. Akauliza yule mcheshi yuko wapi. Nikamwambia amekwenda kuzimu, na kiboksi amekurudishia hiki hapa. Akatazama chini. Baada ya hapo hakunibishia neno.

Nikaomba ndoo ya maji na chumvi. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya bati, mashine zote zikapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Akaleta ya plastiki. Nikakoroga chumvi mpaka nikionja nasikia ladha ya delta. Akanitolea kwanza ile kubwa, ya bei ya juu, yenye sifa zote. Kwenye mchanga ilikuwa malaika. Niliposogeza udongo wako ililia, Shamte, ililia kama mjane, wakati ndani yake hamna kitu ila kutu ya ardhi. Nikaikataa. Mashine inayolilia udongo mtupu itanichimbisha mpaka nife. Nikachukua ile ya kati. Haina taa, haina mshale, rangi yake kama tope, na inasema masikioni tu, kwa aliyevaa visikilizio vyake. Ina kitufe cha kuituliza kwenye chumvi na kingine cha kuizoesha udongo. Ile kubwa inasikia chini mpaka kina cha bega, hii inaishia kwenye kiwiko. Nikaipitisha juu yako. Kimya. Nikarudia. Kimya. Ikathibitisha nililokuwa nikisema siku zote, kwamba huna thamani yoyote.

Nilicheka pale dukani peke yangu mpaka muuzaji akanipa kiti.

Halafu nikaizamisha yote ndooni, sahani, mpini, kiboksi, nyaya, na rupia yetu moja chini. Mapovu yakatoka kwenye bomba la mpini, yakaisha. Nikangoja. Muuzaji alitaka kuitoa, nikamzuia mkono. Masikioni ikawa inaimba vilevile, polepole, chini ya maji. Tukabadilishana na yako, juu nikaongeza nauli ya treni. Kwa hiyo Tabora bado, na viatu bado.

Mahali pa kwanza nilipoipeleka ni pale pako. Maji yalikuwa yamepwa sana, Kibwana akanishusha kwenye matope, akabaki mtumbwini ameshika kasia kana kwamba mimi nami nitamfanyia mzaha. Karibu na ule mzizi ikalia. Nilichimba kwa mikono. Nilidhani ni shaba ya meli, nikaanza hata kukuringia. Ilikuwa panga lako. Mpini umefungwa kipande cha tairi la baiskeli, vile ulivyokuwa ukifunga. Nikamtazama Kibwana, akasema ndiyo, panga alilitupa kwanza, mara tu mtumbwi ulipoinama, ili apate mikono miwili.

Nililileta Mtawanya. Eda ilikuwa imekwisha, Zuhura alikuwa nje anapepeta mchele. Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Akalipokea panga, akalifuta tope kwa kanga, akalipima ukali kwa kidole, na hakulia. Akasema, "Kumbe kuachia alikuwa anajua."

Nimekutetea kwa wengi, mtani. Kwa Zuhura sikukutetea. Panga umelitumia miaka yote, limekulisha, limekulipia mahari, likawa la kwanza kutupwa. Ile iliyokulilia bure ukaishika mpaka mwisho. Nimekaa na jambo hili siku nyingi kambini, nikitafuta tusi linalolitosha, na sijalipata.

Zuhura amekubali nifanye kazi, na kila kitakacholia nusu ni yake. Sharti lake ni lilelile, asiletewe maiti wa pili. Nikamwambia ndiyo sababu ya kuchagua hii. Muuzaji alidhani naitaka isiyoingia maji ili niwinde chini ya maji. Hilo nalo limo. Lakini mimi niliinunua kwa sababu naweza kuiachia. Siku mtumbwi wa Kibwana ukipinduka, na utapinduka, nitafungua vidole. Itazama, itakaa matopeni ikiimba peke yake, na mimi nitashika kasia kwa mikono miwili kama mtu mwenye akili. Maji yakipwa nitaifuata kwa miguu yangu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nakupa wewe kwa sababu aliye hai anaweza kunicheka nikiivunja.

Udongo wako nimeurudisha, nimeusawazisha kwa kiganja. Nimekunywa chai kwa mama yako. Nimemwambia aache kuwapa bata ubwabwa, anipe mimi.

Maneno yangu yamekwisha, sasa umezikwa. Lala, Yaya. Shusha mikono.

Mimi mtani wako,
Mpagazi